Mizunguko Minne na Nusu

Nimefundisha Kirusi kwa miaka ishirini na sita. Nimefundisha wavivu, wajuaji, watoro, na mmoja aliyedhani amejiandikisha Kifaransa akaona haya kuondoka. Lakini aliyenitoa jasho ni binti mmoja tu, ambaye wenzake walimwita Kiguu, kwa kuukata ule msemo wa kiguu na njia. Hakuwa mtoro. Alihudhuria vipindi vyote. Tatizo ni kwamba alivihudhuria akiwa amesimama.

Alikuwa akikaa dakika tano, kisha unamkuta dirishani, kisha mlangoni, kisha nyuma ya darasa akizungusha kalamu vidoleni, na ukimuuliza swali anakujibu sawasawa, kwa hiyo huna pa kumshikia. Chumba chetu kiko mwisho wa ghorofa ya pili, kati ya stoo ya viti vibovu na mashine ya kutoa nakala. Kina madawati kumi na mawili, wanafunzi kumi na mmoja, na feni inayozunguka ikijisikia. Mle ndani mtu mmoja akitembea, wote mnapata kizunguzungu. Siku moja nilimwambia, "Binti, mimi nimeajiriwa kufundisha, sikuajiriwa kufukuza." Akaomba radhi, akakaa, na kabla sijamaliza kuandika tarehe ubaoni nikasikia viatu.

Na mimi si mpole. Wanafunzi wananiita Mama Nukta, kwa sababu mtu akisahau nukta mwisho wa sentensi namkata alama, hata kama mengine yote ni dhahabu. Wanadhani sijui wananiitaje.

Siku ya kwanza ya mwaka wa kwanza huwa nagawa karatasi yenye aya moja ya Kirusi, ili wazione herufi na waogope mapema. Sitarajii mtu asome. Mwaka ule nikauliza kwa mzaha kama yupo wa kujaribu, na yeye, ambaye tayari alikuwa wima, akaisoma aya yote mpaka mwisho bila kukwama. Nilifurahi kama niliyeokota pochi.

"Na inasema nini?" nikamuuliza.

"Sijui, mwalimu."

"Sentensi ya kwanza tu."

"Hata hiyo sijui. Mimi najua kusoma tu."

Darasa zima likacheka. Mimi nilidhani ananifanyia utani, nikamwekea kinyongo kwa wiki mbili. Ilinichukua karibu miaka mitatu kuujua ukweli wake, ila wewe msomaji sitakutesa kiasi hicho. Nitausema sasa hivi.

Baba yake ni fundi mkuu wa kituo cha kusukuma maji, kile kilicho chini ya bonde, kinachopandisha maji ya mto mpaka kwenye matangi ya mji. Kituo kina pampu nne zilizotoka Urusi, kubwa kama magari, na zote zimemzidi binti umri. Zilipoletwa, zilikuja na kitabu kinene cha maelekezo, kwa Kirusi kitupu. Aliyekuwa akikisoma ni mzee mmoja waliyemwita Babu Pampu. Ujanani alipelekwa huko kujifunza ufundi, akakaa miaka sita, akarudi na ujuzi, makoti mawili mazito asiyokuwa na pa kuyavalia, na tabia moja ya ajabu: aliandika Kiswahili kwa herufi za Kirusi. Pembeni mwa kila ukurasa wa kitabu kile alijaza maandishi ya kalamu ya risasi. Alikuwa akisema kwamba katikati ya ukurasa wameandika pampu inavyofanya ikiwa mpya, na pembeni yeye ameandika inavyofanya ikiwa na sisi. Maji yakichafuka kiasi hiki, fungua mizunguko kadhaa. Ukisikia mlio huu, usiamini geji. Herufi zile zilikuwa kufuli lake. Asiyehangaika kujifunza, alisema, asile jasho langu.

Na hapo kituoni pakawa na desturi, ambayo haikuandikwa popote. Kitabu kinaning'inia kwenye msumari kwa waya, hakitoki chumba cha mitambo, na anayekisoma ndiye fundi mkuu.

Sasa baba yake Kiguu alikuwa mwanafunzi wa Babu Pampu kwa miaka kumi na moja. Mikono yake ilikuwa ya dhahabu, lakini herufi zilimkataa. Shule yenyewe aliiacha mapema, na hata gazeti la Kiswahili analisoma kwa kidole. Babu Pampu alipokaribia kustaafu, baba mtu akaona maji yamefika shingoni, akafanya jambo moja la akili na moja la kijinga. La akili ni kumpeleka bintiye wa miaka tisa kwa yule mzee kila alasiri, na ubao mdogo na chaki, majirani wakiambiwa anakwenda kufundishwa adabu. La kijinga ni siku mkubwa wa kituo alipomuuliza, "Kitabu unakisoma?" Akajibu, "Nakisoma." Akawa fundi mkuu siku ile ile.

Tangu hapo, kila Jumamosi mchana, mafundi wengine wakishaondoka, binti alishuka kituoni na chupa ya chai ya baba yake. Alikaa juu ya pipa lililopinduliwa, akakifungua kitabu, akasoma maelezo ya wiki hiyo, na baba akazungusha magurudumu ya valvu kama anavyosomewa. Alianza akiwa na miaka kumi. Babu Pampu alijua, akanyamaza mpaka kufa kwake. Baada ya hapo siri ikabaki ya watu wawili.

Kila mwaka chuo kimoja cha Urusi kinatupa nafasi moja. Ni miezi kumi: nusu ya kwanza darasani, nusu ya pili kwenye utafiti, na mwanafunzi anatakiwa aende na swali lake mwenyewe mkononi. Mwaka wake wa pili, Kiguu alikuwa mbele ya wote kwa mbali. Nilimsubiri aje kuchukua fomu. Hakuja. Nilipomuuliza akasema hayuko tayari, huku akitazama mlango. Nikakasirika, nikampa nafasi kijana mmoja aliyekwenda akarudi na kofia nzuri na Kirusi kile kile alichoondoka nacho.

Mwaka wa tatu akaja mwenyewe ofisini. Alizunguka meza yangu mara tisa, nilihesabu, akieleza swali lake. Alitaka kujua vijana waliopelekwa kule kujifunza ufundi zamani waliandika nini: daftari zao, barua zao, maneno waliyochanganya, na waliporudi walirudi na maandishi gani mifukoni. Alikuwa tayari amemwandikia mtunza kumbukumbu wa chuo alichosoma Babu Pampu. Alimwandikia mwenyewe, kwa Kirusi, kurasa mbili, na yule mtunza kumbukumbu akamjibu kwamba lipo sanduku la daftari za wanafunzi wa kigeni wa miaka ile ambalo hakuna aliyewahi kulifungua. Alinisomea barua hiyo kwa sauti. Nilijifanya natafuta kalamu kwenye droo, maana macho yalikuwa yameanza kunisaliti. Miaka ishirini na sita watu wananiletea maswali ya kunifurahisha mimi. Huyu alileta lake.

"Uliwajuaje hao mafundi?" nikamuuliza.

"Nilimjua mmoja. Ndiye aliyenifundisha herufi, nilipokuwa mdogo."

Hakusema zaidi, nami sikumchimba. Karatasi zake zilikamilika kabla ya wakati. Pasipoti, cheti cha daktari, picha, tafsiri yenye mhuri, barua yangu ya kumsifu, ambayo niliiandika kwa mkono wa moto. Ikabaki fomu moja: idhini ya mzazi. Mtu ana miaka ishirini na miwili, lakini wenye nafasi yao wanataka saini ya mzazi, na mgeni hachagui kiti.

Wiki ikapita. "Baba yuko zamu." Wiki nyingine. "Baba ana homa." Wiki ya tatu akaniambia baba amesafiri.

"Fundi wa pampu amesafiri kwenda wapi, na pampu zenyewe haziendi popote?"

Akacheka kidogo, akatoka. Nilimwona kupitia dirisha akivuka uwanja, akarudi, akavuka tena. Usingizi nao ukaanza kunitoroka mimi. Nilikuwa nahesabu siku kama mjamzito. Mwisho wa kupokea fomu ulikuwa Jumatatu saa sita mchana, na Ijumaa saa tisa fomu ilikuwa bado nyeupe.

Ijumaa hiyo nilimwita, nikafunga mlango, nikasimama mbele yake ili asipate njia.

"Baba yako amekataa?"

"Hajakataa."

"Amesema nini?"

"Sijamwambia, mwalimu."

"Hujamwambia kuhusu fomu?"

"Sijamwambia kuhusu chochote. Wala mwaka jana sikumwambia."

Ndipo aliponieleza yote niliyokwisha kukueleza, akizunguka kati ya kabati na dirisha, hatua tatu kwenda, tatu kurudi. Miezi kumi ile ingeumeza msimu wote wa mvua. Mvua zikinyesha, mto unakuja na tope, na kila wiki pampu zinatakiwa zirekebishwe upya kwa maelezo ya pembeni. Ukikosea, zinakabwa na mchanga. Zikikabwa, mkubwa wa kituo atashuka, atakichukua kitabu kwenye msumari na kusema, fundi, hebu soma hapa.

"Atakuwa amesimama mbele ya vijana aliowafundisha mwenyewe," akasema, "na kitabu mkononi."

Mimi nina tabia ya kutafuta suluhisho kabla sijamaliza kusikiliza. Nikamwambia amrekodie baba yake kwenye simu, ukurasa kwa ukurasa. Akatikisa kichwa. Mwaka jana alijaribu kumshawishi hivyo hivyo, bila kumwambia sababu, na baba akamjibu kwamba simu haiwezi kuyaona maji ya leo yakoje.

"Unataka kwenda au hutaki?" nikamuuliza. Niliuliza kwa ukali, nakiri.

Akasimama. Ni mara chache sana nilimwona amesimama pasipo kuelekea mahali. "Nataka mpaka naumwa," akasema. "Nikilala naota nalifungua lile sanduku. Lakini nikiondoka, nani atamsomea baba?"

Nikasema neno la kwanza lililonijia. "Kesho tunakwenda wote."

Mimi mwenyewe niliondoka kwenda kusoma Urusi nikiwa na umri wake. Mama yangu alitia dole gumba kwenye fomu bila kuuliza lolote, na niliporudi baada ya miaka mitano nilimkuta amekwisha zoea kuishi bila mimi. Angelia ingekuwa afadhali. Usiku kucha nilikumbuka lile dole, na nikaona hasira kwa fomu zote za dunia.

Kituoni unashuka ngazi za chuma kumi na nne. Chini kuna ukumbi mrefu wenye pampu nne zilizopakwa rangi ya kijani, sakafu iliyopigwa deki ikang'aa, spana zimepangwa ukutani kuanzia kubwa mpaka ndogo, na mlio ambao hauusikii kwa masikio tu, unaupata mpaka kwenye meno. Baba yake alikuwa mtu mfupi, shingo nene, ovaroli safi kuliko nilivyotarajia.

"Shikamoo, baba," Kiguu akamwamkia.

"Marahaba, mama." Kisha akaniona mimi, na bintiye akamwambia ni mwalimu wake wa chuo. Akafuta mikono kwenye tambara, kidole kimoja kimoja, ili apate muda. "Karibu, mwalimu. Amefanya nini?"

"Hajafanya," nikasema. "Ndiyo maana nimekuja."

"Mwalimu anajua, baba," Kiguu akasema. "Kuhusu kitabu."

Fundi akanitazama. Sikuona hasira usoni pake, niliona aibu, na aibu ya mtu mzima ni ngumu kuitazama. Kisha akageuka akasikiliza pampu ya kwanza, kama daktari anavyosikiliza kifua. "Maji yamekuja mazito tangu asubuhi," akasema. "Hayo maneno mengine yatangoja. Kwanza binti akae asome."

Fomu ilikuwa kwenye mkoba wangu, na kwa jinsi nilivyokuwa nimeubana mkoba ule ungedhani nimebeba yai. Kiguu akakitoa kitabu kwenye msumari, akalivuta pipa, akakaa.

Akakaa kweli. Miguu imekunjwa, mgongo umenyooka, kitabu kwenye mapaja. Nusu saa ikapita hajasogeza hata kisigino. Niliona wivu, na siufichi. Miaka mitatu nimemsihi huyu mtoto akae, na kumbe kukaa anakujua, ila amekuhifadhi kwa ajili ya pipa la grisi.

Nilisimama nyuma ya bega lake nikifuata maandishi. Mwandiko wa Babu Pampu ulikuwa mdogo, umelala upande, na alipenda mzaha. Pembeni mwa pampu ya pili ameandika: *Huyu usimkemee, ukimkemea anatapika.* Pembeni mwa ya tatu: *Mkaidi kama shemeji yangu. Maji yakiwa na tope, fungua valvu ya kati mizunguko minne na nusu, usizidishe, hata akikubembeleza.* Nilicheka peke yangu. Katika maisha yangu yote ya kusoma herufi zile, sikuwahi kukutana na shemeji wa mtu humo.

Pampu ya kwanza ikaenda vizuri. Ya pili pia. Binti anasoma, baba anarudia kwa sauti, anazungusha, anasubiri, anaitika. Walikuwa na mwendo wao, kama watu wanaokunja shuka moja. Lakini nilimwona Kiguu akiutupia jicho mkoba wangu. Akasoma mstari, akatupa jicho tena. Tulipofika pampu ya tatu, jicho liliporudi kitabuni liliangukia mstari wa chini, unaohusu ya nne.

"Valvu ya kati," akasoma. "Mizunguko sita."

Nililiona kosa. Nilifungua mdomo, lakini baba mtu alikuwa ameshashika gurudumu.

"Moja," akahesabu. "Mbili. Tatu. Nne." Akapumua. "Na nusu." Akaliacha gurudumu, akapangusa mikono, akasogea kwenye pampu ya nne akisubiri kusomewa.

Kusoma kukakoma. Kiguu alikitazama kitabu, akapeleka kidole juu mstari mmoja, akakiacha hapo.

"Baba. Nimesema sita."

"Nimesikia."

"Umefungua nne na nusu."

"Kwa sababu ni nne na nusu." Akasema hivyo bila kugeuka, na alipokwisha kusema nikaona mabega yake yameshuka, akajua alichokifanya.

Binti akasimama. Kitabu kilibaki kimebanwa kifuani kwake. "Unakijua kwa moyo."

"Nakijua."

"Chote?"

"Chote, hata habari za shemeji."

"Tangu lini?"

Fundi akaanza kutafuta tambara, na lilikuwa begani kwake. "Tangu ulipokuwa kidato cha pili," akasema. "Labda kabla kidogo. Mtu akisomewa kitu kila Jumamosi, mwanangu, hata jiwe lingeshika."

"Miaka saba." Sauti yake ilianza kupanda juu ya mlio wa mitambo. "Miaka saba nakuja hapa. Nimeacha mitihani, nimeacha harusi ya rafiki yangu. Mwaka jana kulikuwa na nafasi ya kwenda kusoma Urusi, baba. Ilikuwa yangu, muulize mwalimu. Sikuichukua, kwa sababu ya hiki." Akakipiga kitabu kwa kiganja.

Baba akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Sijui kama nimewahi kumwona mtu akizeeka mbele yangu namna ile.

"Sikujua," akasema. "Wallahi sikujua. Hukuniambia."

"Na wewe hukuniambia."

"Ningekwambia nini?" Alikaa kwenye ngazi ya chini, mikono ikining'inia magotini. "Nyumbani hukai. Unaingia mlango huu, unatokea ule. Mama yako anasema kukuona umekaa mpaka apige picha. Hapa ulikuwa unakaa saa mbili nzima, unanisomea, tunacheka. Nikasema nikimwambia nimekijua, Jumamosi atakwenda zake. Nikasema bado kidogo. Mwaka huu, nikasema, mwaka huu namwambia." Akalitoa tambara begani. "Bado kidogo ikawa miaka saba."

Kiguu alikuwa analia kwa hasira, kile kilio kinachopanguswa kwa nguvu kana kwamba mtu anajipiga kofi. Akatembea mpaka pampu ya kwanza, akarudi. Akatembea tena. Mimi nikafanya kazi niliyoijia: nikafungua mkoba, nikamwekea fundi fomu juu ya pipa, na kalamu.

"Ni miezi kumi," nikamwambia. "Mvua zote. Mwisho ni Jumatatu saa sita."

"Inasema nini?"

Nikaiokota nimsomee. Kiguu akanipokonya fomu mkononi, akakaa juu ya pipa, akamsomea mwenyewe, kwanza kwa Kirusi, kisha kwa Kiswahili, neno kwa neno, akivuta kamasi. *Mimi, mzazi wa mwanafunzi aliyetajwa hapo juu, namruhusu.* Baba alisikiliza hadi mwisho, akamwambia arudie. Akarudia. Kisha akatia saini polepole, ulimi ukiwa pembeni mwa mdomo, na grisi ya kidole chake ikabaki kwenye kona ya karatasi.

"Ulinificha safari, nami nikakuficha kwamba nakijua kitabu," akasema. "Tumetoka sare."

"Hatujatoka sare," binti akamjibu. "Unanidai mwaka, au mimi nakudai, sijui. Lakini mtu anadaiwa." Hata hivyo hakuondoka. Walimaliza pampu ya nne, mizunguko sita, na safari hii alisoma mstari wake.

Jumatatu saa tatu asubuhi fomu ilikuwa mezani kwa wahusika. Karani aliikagua, akauliza kile kidoa ni cha nini. Nikamwambia ni mhuri.

Aliondoka mwezi wa tisa, na hapo nikagundua amenirithisha ugonjwa wake. Nikawa sikai. Nafundisha nikielekea dirishani. Jumamosi ya kwanza nilipanga kusahihisha madaftari, nikajikuta nashuka ngazi kumi na nne za chuma, bila sababu ambayo ningeweza kumweleza mtu.

Fundi alikuwa peke yake. Pampu zilikuwa zimekwisha rekebishwa, kwa kichwa, kama alivyoweza siku zote. Lakini kitabu kilikuwa wazi juu ya pipa, naye ameinama juu yake, kidole kwenye mstari, midomo inacheza. Nilisogea. "Mkaidi," alikuwa anasema, na kidole kinatambaa, "kama... she... me... ji... ya... ngu." Kisha akarudi mwanzo wa neno, akaitazama herufi moja, akaipita, akaitazama tena. Alikuwa anayajua maneno yote, na sasa alikuwa anatafuta yamekaa wapi.

"Mwalimu," akasema, hakuonekana kushangaa. "Hii ndiyo 'she'?"

"Hiyo ni 'sh' peke yake. Inayofuata ndiyo 'e'."

"Kumbe." Akanisukumia kiti cha mbao. "Kaa."

Nilikaa. Nimekaa pale Jumamosi nyingi tangu hapo. Ana kichwa kigumu, kweli, na mimi si mpole, tumegombana mara mbili kuhusu herufi zinazofanana. Mvua zilikuja, pampu hazikukabwa. Binti alituma habari kwamba sanduku limefunguliwa, na ndani yake kuna daftari moja lenye mwandiko mdogo uliolala upande, na kwenye ukurasa wa mwisho kuna Kiswahili. Nilipomweleza fundi, alikwenda akasimama nyuma ya pampu ya nne kwa muda, akasema anakagua boliti.

Wiki iliyopita alichukua kalamu ya risasi, akatafuta pembeni mwa pampu ya tatu nafasi ambayo mzee hakuijaza, akaandika kwa mkono wake. Ilimchukua karibu saa nzima. Kisha akaniomba niupige picha ukurasa na kumtumia mwanawe. Herufi zilikuwa kubwa, zinayumba, mbili zimegeuka nyuma mbele. *Maji ya leo ni safi. Shemeji hajambo. Nimeandika mimi baba yako*

Hakuweka nukta. Niliitafuta, nikaona haipo, nikatuma vile vile.